Shule tatu za serikali hapa Malaba, na madaftari yanavyosema

Kila muhula wa kwanza ukikaribia, wazazi wageni wa Malaba, mji wetu wa Uganda mpakani na Kenya, huuliza swali moja: nimpeleke mtoto shule gani ya serikali? Wengi ni watu wa kazi za mpaka, mawakala wa forodha, madereva, wachuuzi waliohamia kutoka Mbale au Busia. Jibu wanalopewa ni lile la ubao wa langoni: tafuta iliyotoa daraja la kwanza nyingi. Mimi nasema ubao huo uuache mwisho. Anza na madaftari.

Nauza chai na chapati karibu na maegesho ya malori, na watoto wa shule zote tatu hupita kwangu wakitoka masomoni. Wakikaa kuwangoja wazazi wao, naomba kuona walichoandika. Daftari la hesabu la mtoto wa P3 (darasa la tatu la msingi) litakuambia mambo ambayo mkutano wa wazazi hautayataja. Tazama tarehe zinafuatana vipi. Tazama kalamu nyekundu ilifika ukurasa gani. Tazama kama mtoto aliyekosa alirudia lile swali, na kama marudio yake nayo yalisomwa na mwalimu.

Shule nitaziita kwa mahali zilipo, kwa kuwa walimu wake ni majirani zetu na baadhi yao wanabeba mzigo ambao mimi nisingeuweza.

Ya barabarani ndiyo yenye jina kubwa. Ina majengo mazuri, uzio, na ubao wa matokeo uliopakwa rangi upya. Lakini P1 yake imefurika. Watoto wa mbele wanakaa sakafuni na mwalimu hana njia ya kupita katikati. Nilishika daftari la msichana wa P3 wa pale. Kaandika 17 + 8 = 115. Saba na nane amepata kumi na tano, akaiandika yote chini, kisha akaishusha ile moja ya makumi pembeni yake. Juu ya jibu hilo kuna alama kubwa ya vema. Ukurasa mzima umepigwa vema moja ndefu kutoka juu hadi chini. Niliumia sana, kwa sababu yule mtoto ni mwerevu, na alinionyesha ukurasa ule kwa fahari.

Haki yao niwape: P6 na P7 pale wanafundishwa kwelikweli. Wanaingia alfajiri, Jumamosi wapo, majaribio ni mengi. Ndiyo maana ubao unapendeza. Ila jua namna ya kuusoma. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi unaotungwa na UNEB (baraza la mitihani la Uganda), una masomo manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Agrigeti ni jumla ya alama za masomo hayo, na iliyo ndogo ndiyo bora: mtoto bora kabisa anapata agrigeti 4, na daraja la kwanza linaishia agrigeti 12. Ubao unakuambia waliofika hapo ni wangapi. Wewe uliza waliokaa mtihani walikuwa wangapi, halafu uliza darasa lile lilikuwa na watoto wangapi lilipokuwa P4. Mwalimu asiye na la kuficha atakutajia bila kutafuta maneno. Uliza pia kama kuna pesa ya mitihani ya majaribio, maana ada ya UNEB kwa mtahiniwa wa shule ya UPE (elimu ya msingi isiyo na ada) inalipwa na serikali.

Na kuna barabara yenyewe. Mtoto wa miaka sita anayekaa upande wetu lazima akate katikati ya foleni ya malori ya kontena, na dereva aliye juu kule hamwoni mtoto aliyesimama mbele ya bampa. Kwangu hilo peke yake linatosha kuikataa kwa watoto wa madarasa ya chini.

Ya kanisani iliasisiwa na kanisa lakini walimu wanalipwa na serikali. Nidhamu iko juu, vyoo vya wasichana vina milango inayofunga, na mwalimu mwanamke ameteuliwa kuwasaidia wakubwa wakipata hedhi. Mzazi wa binti, usilichukulie jambo hilo kuwa dogo. Wasichana wengi wanaacha shule P5 na P6 kwa sababu ya vyoo, na watu wanasema eti hawapendi kusoma.

Tatizo la pale kwa watu kama sisi ni lugha. Tangu mtaala ule wa 2007, P1 hadi P3 hufundishwa kwa lugha ya eneo, na P4 ndipo Kiingereza kinaanza kushika usukani. Ya kanisani inaufuata mtaala huo vizuri: watoto wanajifunza kusoma kwa Kiteso. Kwa mtoto wa Kiteso ni baraka, anasoma anachokielewa. Mtoto wangu wa pili tunaongea naye Kiswahili nyumbani, kwa hiyo alikuwa anatamka silabi za Kiteso kwa ufasaha bila kujua amesoma nini. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilitaka Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, nami nilifurahi sana. Hapa mpakani, ambapo soko zima linaongea Kiswahili, hicho ndicho kingekuwa cha kwanza kufika darasani. Bado nakisubiri katika ratiba za watoto wangu.

Ya relini ndiyo ndogo, na majengo yake ni ya kusikitisha. Bati halina dari, mchana joto linawalegeza watoto, na mvua ikinyesha somo linasimama kwa kelele. Maktaba hakuna. Lakini madaftari yake! Mvulana wa P2 alikuwa amefanya kosa lile lile la kushusha kumi. Mwalimu hakupiga mkasi akaishia hapo. Pembeni alimchorea vijiti kumi vilivyofungwa pamoja, na vitano vimelala peke yake, na chini mtoto amerudia hesabu tatu, zote zimesahihishwa, tarehe ya kesho yake. Nikamuuliza mvulana, "Hivi vijiti ni vya nini?" Akanieleza mpaka nikaelewa na mimi.

Uji nao wanao kila siku, na hilo nalipa uzito mkubwa. Fedha ya serikali kwa mtoto wa UPE ni kama shilingi 20,000 kwa mwaka mzima, na chakula sheria ya elimu ya 2008 inamwachia mzazi. Hedimasta wa relini alikubaliana na wazazi walete mahindi kwa debe kila muhula, na asiye na mahindi alete kuni au aje kupika zamu. Aliniambia, "Mama, mlete na kikombe chake, mengine tutaelewana." Barabarani ni pesa taslimu, na asiyelipa anakaa chini ya mwembe akitazama wenzake wakinywa. Sipendi kabisa kuona hivyo.

Fimbo niliuliza kote. Sheria ya watoto ilikataza adhabu ya viboko mwaka 2016, na kote nilijibiwa haipo. Ni watoto wa relini tu walionijibu sawa na walimu wao.

Udhaifu wa relini ni madarasa ya juu. Walimu ni wachache, mmoja anabeba Hesabu na Sayansi kwa P6 na P7 pamoja, na hawezi kuwa mahali pawili.

Kwa hiyo mimi nimefanya hivi: mdogo kabisa anaanza P1 relini, na mkubwa nimemhamishia ya kanisani alipoingia P5, lugha ya kufundishia ikiwa tayari ni Kiingereza. Kama unakaa ng'ambo ile ya barabara, na mtoto wako anaingia P6, ya barabarani itakufaa. Usimpeleke P1 pale mpaka wapunguze msongamano.

Wa P1 awe ametimiza miaka sita. Beba cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo, nenda kabla muhula haujafunguliwa Februari, na ukifika usiishie ofisini. Omba kuona madaftari ya P3.