Kisanduku cha vifaa vya stempu: nimekitumia miezi minane, sikiliza kabla hujatoa pesa

Assalaam alaykum, watazamaji wangu. Hamjambo? Leo feni nimeizima, ndiyo maana mnaniona jasho linanichuruzika. Joto la Michenzani mnalijua wenyewe, lakini mezani hapa pana kitu kikipeperushwa na upepo mdogo tu kikakunjika, pesa yangu imekwenda. Mwanangu, hebu sogeza simu. Taratibu. Kivuli chako hicho, toka kwenye taa!

Haya, mnaiona? Hii ni shiti ya stempu, nzima kama ilivyokuja posta, haijachanwa hata moja, na pambizo zake nyeupe zipo pande zote nne. Soma maandishi: "Uhuru 1963". Sasa soma kilichogongwa juu yake kwa wino: "Jamhuri 1964". Baina ya maneno hayo mawili hapana hata miezi miwili. Uhuru tarehe 10 Disemba, Mapinduzi tarehe 12 Januari, na posta wana makabati yamejaa stempu za serikali ambayo haipo tena. Wafanye nini? Wachapishe mpya kwa siku ngapi? Wakachukua muhuri wakaanza kuzigonga kwa mkono zile zile za zamani, na kabla Januari haijaisha zilikuwa zinauzwa dirishani.

Marehemu babu yangu alikuwa karani wa posta. Alipofariki tukafungua sanduku lake la njumu, tukijua tutakuta hati za shamba na kanga za bibi. Kanga zilikuwepo. Chini ya kanga kulikuwa na bahasha kubwa ya kaki, na ndani ya bahasha ndiyo hizi. Ami yangu akasema zichomwe, karatasi tu hizo. Nikazikalia. Leo mwaka wa tatu nauza kwa wakusanyaji wa nje, wengi wao Uingereza na Ujerumani, na kila wiki napata ujumbe: dada, na mimi nimekuta stempu za mzee, ninunue kile kisanduku cha vifaa ninachokiona kwenye matangazo?

Kisanduku chenyewe hiki hapa. Mimi kimenitoka shilingi 45,000 pamoja na kuletewa. Ndani mna kibanio cha kushikia stempu, lenzi, kipimio cha meno ya ukingo wa stempu, taa ya zambarau, sinia dogo jeusi na foda la plastiki la kuhifadhia shiti. Hakuna aliyenilipa niseme haya, na nikimaliza mtajua kwa nini hawatanilipa.

Nianze na kibanio. Kizuri, skwambii. Ncha zake bapa, hazina makali, hazikwaruzi. Watu wanauliza kwani vidole vina nini? Vidole vina mafuta na jasho, na kwetu huku vina jasho mara mbili. Gundi ya mgongo wa stempu ikipata unyevu wa kidole inabaki na alama, na alama hiyo haitoki. Anayenunua stempu mpya ananunua mgongo kama anavyonunua uso. Utampelekea picha ya mbele inang'ara, atakujibu neno moja: nyuma? Kwa hiyo kibanio chukua, na hata ukikikuta peke yake bila kisanduku, chukua.

Lenzi ni ya kawaida, inakuza mara 10, taa yake imekufa mwezi wa pili. Kipimio cha meno ni kipande cha plastiki chenye mistari: unalaza stempu ukingoni unahesabu vitobo vingapi katika sentimita 2. Katalogi, yaani kitabu cha orodha ya stempu na bei zake, kikiandika meno 14, maana yake vitobo 14 katika sentimita hizo mbili. Ni kazi ya dakika moja, na inakusaidia kujua toleo lipi ni lipi pale stempu zinapofanana kama pacha. Sinia jeusi ni la kutafutia alama ya maji, yaani mchoro uliofichika ndani ya karatasi: unamimina benzini maalumu, unalaza stempu kifudifudi, alama inajitokeza. Benzini inashika moto, mimi nina watoto ndani. Sinia sasa tunawekea pini za shungi.

Sasa taa ya zambarau, maana hii ndiyo wanayoisifu sana kwenye tangazo. Ati inakutambulia bandia. Ngojeni niwaeleze inachokifanya. Karatasi za siku hizi zinatiwa dawa ya kuzifanya nyeupe, na dawa hiyo ikipigwa na taa hii inang'aa buluu. Mtu akikuletea stempu ya Sultani Sayyid Hamad bin Thuwaini, zile zilizotoka mwishoni mwa 1896 na mwenyewe ameshafariki tangu Agosti, ukaipiga taa ikang'aa kama shati la Idi, mrudishie. Kwa hilo taa inasaidia. Lakini matata ya stempu za Zanzibar hayako kwenye karatasi. Yako kwenye wino wa juu.

Hapa naomba mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoliwa pesa. Mwaka 1895 posta yetu ilikuwa ikitumia stempu za India, zikachapwa neno "Zanzibar" juu. Fundi akakosea herufi, zikatoka nyingine zimeandikwa "Zanzidar". Kweli kabisa, imo kwenye katalogi, na kosa hilo linatafutwa duniani kote. Basi mjanja yeyote mwenye stempu ya India ya enzi hizo, ambayo si ghali, na mashine ya kuchapa, anaweza kujitengenezea "Zanzidar" yake. Karatasi ni ya kweli, meno ya kweli, alama ya maji ya kweli. Taa ya zambarau itakwambia nini? Itakwambia hongera. Na "Jamhuri 1964" ni nyepesi zaidi, maana ya asili yenyewe iligongwa kwa muhuri wa mkono, na muhuri wa mpira hata mtaani unachongewa.

Sasa mimi nimejifunza jambo moja kwa mnunuzi mmoja, mzee wa Kiingereza, mkali kama pilipili mbuzi. Nilikuwa nimemtangazia stempu nne zilizogongwa "Jamhuri", nimezichana vizuri kutoka kwenye shiti nyingine nikijiona hodari. Akaniuliza: umezitoa wapi? Nikamwambia kwenye shiti nzima niliyokuwa nayo. Akanyamaza siku mbili. Kisha akaandika, kwa nini umechana? Nikadhani ananitania. Akanieleza: stempu moja yenye muhuri, mimi nitajuaje nani aligonga na lini? Shiti nzima ni ushahidi. Mkono wa mtu haufanani mara mbili. Mwanangu, leta ile lenzi, wacha waone.

Angalieni mstari wa juu. Muhuri umekaa wima, wino mzito, herufi zimejaa. Teremkeni chini. Umeanza kulala. Hapa wino umekauka, herufi nusu haionekani. Hapa karani amechovya tena wino, tazama ulivyotapakaa! Na hapa pembeni muhuri umeteleza, kipande kimeangukia pambizoni, kwenye karatasi nyeupe. Huyu ni mtu kachoka, ana rundo la shiti mezani na mkubwa wake anamsimamia. Labda babu yangu huyu. Labda siye. Lakini mwenye kughushi si rahisi akupe uchovu huu, kwa sababu mara nyingi hapati shiti nzima ya kuchezea, na akiipata ataigonga kwa adabu. Baadaye walileta zilizochapwa neno hilo kwa mtambo, hizo zimenyooka zote kama askari wa gwaride, na mkusanyaji anajua kuzitofautisha.

Kwa hiyo ukikuta shiti iliyogongwa kwa mkono, usichane. Hata kona.

Nikisema hivyo sina maana kila shiti ni mali. Zile za Juni 1964 na kuendelea, zilizoandikwa "Jamhuri Zanzibar" na kuchapwa Ujerumani Mashariki, hao hao waliosaidia kujenga majumba haya ninayokaa, ni nzuri machoni lakini zipo nyingi mno. Shiti nzima utaitangaza mwaka mzima. Nani ana albamu ya kuingia karatasi kubwa namna hiyo? Hizo mimi nachana, na nachana kwa mpango: kona yenye namba za bamba la kuchapia inabaki na stempu zake nne au sita pamoja na pambizo, maana kuna watu wanakusanya kona tu. Nakunja kwenye mstari wa meno, mbele, nyuma, polepole, ndipo zinaachana zenyewe. Ukivuta kama unachana tiketi ya daladala umeshaharibu.

Bei. Usisome katalogi ukaanza kuhesabu mabati. Bei ya katalogi ni ya duka kubwa linalomwuzia mteja wake stempu safi na kumpa dhamana. Wewe uko Unguja, hawakujui. Ingia eBay, lile soko la mtandaoni, chagua kuonyeshwa zilizokwishauzwa, siyo zinazotangazwa. Mtu anaweza kutangaza dola 500 mpaka azeeke. Tazama zilizolipiwa, hapo ndipo penye bei.

Haya, nilisema kisanduku kina vitu sita, nimebakisha foda. Nimelibakisha makusudi kwa sababu nikilianza ningelia mbele yenu. Foda hili, lisikilizeni linavyonata ninapolifungua. Nusa, mwanangu. Linanukia nini? Eti kitambaa cha meza kipya! Ndivyo. Harufu hiyo ni ya plastiki laini, ile ya PVC, inatiwa mafuta ili ijikunje, na mafuta hayo hayatulii, yanatoka polepole yanaingia kwenye karatasi. Nilitia shiti mbili humu mwezi wa tatu, masika ndiyo yanaanza. Unyevu unajua ulivyo, hata chumvi mezani inakuwa maji. Mwezi wa sita nafungua, shiti moja imeganda. Gundi imelainika ikashikana na plastiki. Ile ya pili haikuganda lakini rangi imekuwa kama imepakwa mafuta ya nazi. Nimemwandikia muuzaji, akanijibu kwa emoji ya mikono iliyokunjwa. Pesa zangu bado anazo.

Kwa hiyo foda lenu litupeni au wekeni cheti cha chanjo cha mtoto. Hata hicho kiwekeeni karatasi katikati. Kwa shiti tafuteni mifuko ya polyester, ile migumu, inalia kara-kara ukiishika na haina harufu. Ni ghali kidogo na kwetu lazima uagize. Ukisubiri iwasili, bahasha za glasini, zile karatasi nyororo kama za kufungia halua, zinatosha kwa miezi michache. Lazeni bapa, msibane, msirundike vitu vizito juu, maana gundi ikibanwa kwenye unyevu inashika yenyewe. Tieni vipakiti vya silika, hivi vinavyokuja kwenye viatu vipya, na mvibadilishe. Na mende! Mende anakula gundi kama wewe unavyokula urojo. Sanduku la babu lilikuwa na karafuu kila pembe, sisi tulidhani ni kwa ajili ya harufu ya kanga.

Kwenye picha za mauzo, simu inatosha kwa kumwonyesha mtu una nini, lakini ya kuuzia piga kwa skana, nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma, na msitumie vichujio vya kurembesha. Kasoro itajeni wenyewe. Mimi naandika "kona ya chini kushoto ina doa la kutu, meno mawili mafupi". Mnunuzi akijua kabla, anatoa bei yake na hanirudishii.

Kutuma: vipande viwili vya kadibodi ngumu, shiti katikati ndani ya polyester, mkanda uzunguke kadibodi usiguse mfuko. Msikunje kama mkeka mkaitia bombani, gundi kavu inapasuka. Nenda posta, tuma kwa rejista, na kwenye fomu ya forodha andika stempu za wakusanyaji, namba yake ya forodha 9704. Na bahasha yenyewe ibandike stempu nzuri, omba karani akugongee muhuri safi usiopakaza. Mzee wangu yule mkali, bahasha zangu anaziweka pia.

Maksi? Kibanio na kipimio, nunua peke yake. Taa, kama una za kabla ya vita kuu ya pili, sawa, kama huna acha. Kisanduku kizima kwa 45,000, mimi nisingerudia, na foda ningelipa wasiniletee.

Wa Pemba walioniandikia kuhusu bahasha zenye muhuri wa Wete na Chake Chake, nimewasoma. Msibandue stempu kwenye bahasha hizo, wala msiziloweke! Video yake inakuja, nataka kwanza niwaonyeshe yangu ya Mkoani.

Mwanangu, washa feni. Ngoja, ngoja! Nifunike kwanza.