Panya katika banda la kuku: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Mfugaji akikuta mayai yametobolewa au kifaranga kimeburutwa hadi mlangoni mwa shimo, kitu cha kwanza anachokimbilia dukani ni sumu. Kwa banda la kuku huo ni mpangilio uliogeuzwa. Sumu huua panya waliomo leo, kisha wengine huhamia kutoka kwa jirani kwa sababu tundu bado liko wazi na chakula bado kimemwagika chini. Hapa vifaa vimepangwa kwa uwezo wake wa kulifanya banda likae bila panya msimu hadi msimu, tukiwa na mawazo ya mabanda ya nyuma ya nyumba, ya kuku kumi hadi mia moja.

Kabla ya kutoa pesa, kagua kinyesi. Kinyesi chenye urefu wa milimita 3 hadi 6, mfano wa punje ya mchele, ni cha panya wadogo wa nyumbani. Cha milimita 12 hadi 18 ni cha panya wakubwa, wawe wale weusi wapandao darini au wale wa kahawia wachimbao mitaroni. Tofauti hii ndiyo inayoamua ununue wavu gani: panya mdogo hupita kwenye upenyo wa milimita 6, na panya mkubwa hupita kwenye upenyo wa kiasi cha milimita 12 tu, hasa akiwa bado mchanga. Penseli ya kawaida ikiingia kwenye ufa, panya mdogo naye anaingia. Na kama kuku wanapotea mchana, huenda mgomvi wako ni nguchiro, si panya, na mitego iliyoelezwa hapa haitakusaidia.

Hesabu ya hasara nayo ifahamike. Panya mkubwa hula takriban gramu 20 kwa siku. Kumi wakila hivyo, ni kilo 6 kwa mwezi, karibu sawa na kulisha kuku wawili wa mayai. Zaidi ya hapo kuna kile wanachokikojolea na kukinyea, na hicho ndicho kinachobeba bakteria wa salmonela hadi kwa kuku na mayai.

1. Wavu wa matundu ya mraba, milimita 6 au 12

Hiki ndicho kifaa cha kwanza, na kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua hiki. Tunasema ule wavu wa waya uliochomelewa au kufumwa kwa matundu madogo ya mraba, ambao mafundi wengi wa Kenya huuita kofi trei kwa sababu hutumika kuanikia kahawa. Wavu wa kawaida wa kuku, wenye matundu ya pembe sita, humzuia kuku asitoke, panya hamzuii. Matundu yake ni milimita 25 au zaidi, na waya wake ni mwembamba kiasi cha panya mkubwa kuukata kwa meno.

Ukiwa dukani angalia mambo matatu. Kwanza geji, yaani namba ya unene wa waya: namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba. Kwa tundu la milimita 6 usikubali waya ulio chini ya nusu milimita. Ukiukunja kwa vidole viwili ukakunjika kama karatasi, urudishe. Pili, pima tundu kwa rula, usiridhike na jina la muuzaji. Tatu, tazama maungio ya waya. Wavu uliopakwa zinki baada ya kuchomelewa una zinki hadi kwenye maungio. Uliopakwa kabla huonyesha madoa meusi pale ulipochomelewa, na hapo ndipo kutu huanzia. Ukiwa Tanga, Mombasa, Zanzibar au popote penye upepo wa chumvi, tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Uchague milimita 6 au 12? Kama kuna panya wadogo, 6 pekee. Lakini ujue gharama yake: matundu hayo huziba kwa vumbi na manyoya, hewa inapungua, na harufu ya amonia inapanda. Kwa hiyo acha madirisha yawe mapana pande mbili zinazotazamana, na upige wavu kwa brashi ngumu kila wiki. Kama ni panya wakubwa tu, 12 inatosha na banda linapumua vizuri zaidi.

Kiasi: chukua banda la mita 2 kwa 3, mzunguko wa mita 10, lenye ukuta wa tofali hadi magotini na uwazi wa sentimita 80 kwenda juu. Wavu wenye upana wa sentimita 90 utafunika uwazi huo, ukipanda sentimita 5 juu ya mbao na 5 juu ya tofali: mita 10. Kama sakafu ni udongo, unahitaji pia pindo la chini. Wavu uleule wa sentimita 90 unaugawa hivi: 15 zinashikwa ukutani, 30 zinashuka ardhini, 45 zinalala kuelekea nje kwa umbo la L, kisha unafukia. Panya huanza kuchimba pale anapogusana na ukuta, hukutana na wavu, na kwa kawaida harudi nyuma nusu mita ili aanze upya. Pembe nne za pindo zinakula karibu mita 2 zaidi. Jumla ni mita 22. Nunua 24, ili kila kiungio kipandiane kwa sentimita 10.

Kinachoharibu kazi hii karibu kila mara ni ufungaji. Misumari ya U iwe kila sentimita 8 hivi, na juu yake pigilia ubao mwembamba ubane ukingo wote. Fundi akiiachanisha kila sentimita 30, panya hukunja wavu katikati na kupita. Usisahau pia chini ya paa la bati la migongo: yale mawimbi ni milango tayari, kila mgongo mmoja. Kata vipande vya wavu uvipachike au uvizibe kwa saruji.

2. Pipa la chuma lenye mfuniko, na chombo cha chakula kisichomwaga

Kama banda limeshajengwa na mfuko haumudu wavu kwa sasa, anzia hapa kisha urudi kwenye wavu. Panya anafuata chakula. Akikosa cha usiku, atahama au ataingia mtegoni kwa njaa.

Pipa la lita 200 linameza mifuko miwili ya kilo 50 ya chakula cha unga. Tafuta lenye mfuniko wa kutoka mzima na pete ya chuma ya kubana, si lile lenye kizibo kidogo juu. Uliza lilibeba nini. La mafuta ya kula ni sawa. Lililobeba viuatilifu au kemikali usilinunue hata kwa bei ya kutupwa, maana kuliosha hakutoshi. Liweke juu ya matofali ili chini pasishike unyevu. Kwa kuku wachache, debe la chuma lenye mfuniko unaobana linafaa. Ndoo ya plastiki ni ya muda tu: panya huanza kuguguna ukingo wa mfuniko, na siku akipata pa kushika meno, imekwisha. Gunia lililoegemezwa ukutani si hifadhi.

Chombo cha kulishia kinachoning'inia, ukingo wake ukiwa usawa wa mgongo wa kuku, hupunguza kumwaga. Jaza theluthi moja tu. Kikijaa, kuku hutawanya kwa mdomo. Vipo pia vyombo vya kukanyagia, ambavyo mfuniko hufunguka kuku anaposimama kwenye kibao. Fundi bati mzuri anaweza kukuundia. Kuku wakubwa huchukua wiki moja au mbili kujifunza, na mwanzoni inabidi mfuniko uzuiliwe ukiwa wazi nusu ili wasiogope mlio. Kwa vifaranga havifai kabisa, kwa kuwa uzito wao hautoshi.

Na kuna jambo lisilonunuliwa: kuondoa chakula bandani kila jioni kuku wanapopanda vichanjani. Kuku hali gizani. Chakula kinachobaki bandani usiku ni cha panya peke yao.

3. Bati bapa na saruji kwa nyufa

Mlango ndio udhaifu wa mabanda mengi. Pigilia bati bapa lenye kimo cha sentimita 30 sehemu ya chini, likunjwe kufunika ukingo wa ubao, kwa sababu panya hutafuna kutokea ukingoni. Nafasi kati ya mlango na kizingiti isifike milimita 6.

Mashimo ya ukutani yazibwe kwa saruji na mchanga, moja kwa tatu, ndani yake ukiwa umesokota mabaki ya wavu. Bila wavu, panya hukwangua saruji ikiwa bado mbichi usiku uleule. Stili wulu ya kusugulia sufuria husaidia kwa muda tu, kisha hushika kutu na kubomoka. Fomu ya kupuliza, lile povu linaloganda ndani ya ufa, iache: panya huitafuna kama mkate.

Banda la kuinuliwa kwa miguu liwe karibu mita moja kutoka ardhini, na kila mguu uvikwe koni ya bati iliyotazama chini, yenye kutoka nje angalau sentimita 25. Koni hazina faida kama tawi la mwembe limeegemea paa, au ngazi ya kuku imebaki imesimama usiku.

4. Mtego wa kubana

Huu ni wa kuwamaliza waliofungiwa ndani baada ya kuziba. Nunua mitego mingi kwa pamoja, sita au zaidi kwa banda dogo, kuliko mmoja wa bei. Spring iwe na nguvu, na mtego wa panya wakubwa uwe mkubwa kweli. Mdogo humjeruhi tu, naye hasogei tena karibu na mtego wowote.

Weka kila mtego ndani ya kisanduku cha mbao chenye tundu la sentimita 6, ili kuku asiingize mguu wala kichwa. Kisanduku kigusane na ukuta, sehemu ya chambo ikielekea ukutani, kwa kuwa panya hutembea akipapasa ukuta kwa masharubu. Chambo: dagaa mmoja aliyefungwa kwa uzi, au karanga iliyosagwa kiasi cha punje ya harage. Kingi zaidi ya hapo analamba pembeni bila kugusa kifyatulio.

Panya wakubwa huogopa kitu kigeni. Wawekee mitego yenye chambo bila kuitega kwa siku nne au tano, wazoee kula, kisha itege yote usiku mmoja. Panya wadogo ni wadadisi. Watege siku hiyohiyo.

Mtego wa kizimba, wa kumnasa akiwa hai, unafuata kwa mbali. Hunasa mmoja mmoja, na ukimwachia karibu atarudi.

5. Sumu, nje ya banda tu

Ukilazimika, nunua ya vipande vigumu vya nta yenye lebo kamili na namba ya usajili, ya mamlaka ya viuatilifu, TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, pamoja na kisanduku cha kuiwekea kinachofungwa kwa ufunguo. Aina za bromadiolone na brodifacoum huzuia damu kuganda, na panya hufa baada ya siku tatu hadi kumi. Katikati ya siku hizo anatembea na sumu mwilini, na paka, mbwa au bundi akimla naye anadhurika. Kuku pia hudonoa panya mdogo aliyekufa. Zinki fosfaidi, ule unga mweusi wenye harufu ya vitunguu saumu, haina dawa ya kuitibu, na kuku akidonoa nafaka iliyochanganywa nayo anakufa. Isikaribie kabisa eneo la kuku.

Vile vipakiti visivyo na lebo vinavyouzwa na wachuuzi vituoni visinunuliwe na mtu yeyote. Hujui kilichomo, na daktari naye hatajua mtoto wako amemeza nini.

Vya kuacha dukani

Gundi ya panya: vumbi la maranda huifunika kwa siku moja, na kinachonaswa mara nyingi ni kifaranga au mjusi. Panya akinaswa hufa polepole kwa mateso. Uingereza imewakataza watu wa kawaida kuitumia tangu Julai 2024. Vifaa vya milio isiyosikika kwa binadamu: mlio hauvuki ukuta wala gunia, na panya huuzoea. Mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilizionya zaidi ya kampuni 60 kuhusu madai yao juu ya vifaa hivi. Naftalini: ni sumu kwa kuku pia. Paka hupunguza panya wadogo, lakini wengi hawamgusi panya mkubwa aliyekomaa, na vifaranga huliwa kwanza.

Wakati wa kusafisha vaa glavu na viatu vilivyofunika. Mkojo wa panya hubeba vimelea vya homa ya mgunda (leptospirosis), ile iliyotangazwa mkoani Lindi, Tanzania, Julai 2022. Usifagie kinyesi kikiwa kikavu. Lowesha kwa dawa ya klorini, sehemu moja kwa kumi za maji, subiri dakika tano, ndipo uzoe. Kisha nyunyiza majivu au unga kuzunguka ukuta wa ndani jioni. Asubuhi nyayo zitaonyesha ni kona gani bado haijazibwa.