Kisoma skrini na tovuti za serikali: uzoefu wangu nikiwa Lamu

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Langoni hapa Lamu, na macho yangu yalipoteza nuru kwa maradhi ya presha ya macho. Huduma za serikali ninazozihitaji, kuanzia kuomba hati hadi kulipia ada, nazifuata mtandaoni kwa msaada wa programu mbili za kusoma skrini, yaani zinazotamka kwa sauti yaliyomo kwenye skrini: TalkBack, inayokuja na simu za Android, na NVDA, niliyowekewa kwenye kompyuta. Tathmini hii ni ya programu hizo mbili pamoja na tovuti za umma nilizozipitia kwa kuzitumia. Tovuti zenyewe sitazitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezikuta kwingi, na sioni haki kumwanika mmoja ilhali wenzake wamesalimika.

Kwa mtu wa bara huenda jambo hili likaonekana dogo: tovuti ikikushinda, unakwenda ofisini. Huku kwetu kwenda ofisini ni safari. Ofisi nyingine ziko Mokowe, ng'ambo, na huzifiki bila kupanda boti. Anayetoka Siyu, katika kisiwa cha Pate, huanza kwa kuuliza maji yatajaa lini ndipo apange siku yake, na akifika gatini hukuta ngazi zenye utelezi ambazo hata mwenye macho yake huzikanyaga kwa hadhari. Jirani yangu mmoja anatumia kiti cha magurudumu. Ili avuke, hana budi kubebwa na vijana wawili, mmoja akimshika mabegani na mwingine miguuni, mbele ya kadamnasi, kisha kiti kifuate nyuma. Naye ni mtu mzima mwenye wajukuu. Mtu wa hali hiyo akijengewa tovuti inayotumika, amepunguziwa safari, gharama na fedheha kwa pamoja.

Nianze na vyombo, kwa sababu ndivyo vilivyonifurahisha. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 nchini Australia na Michael Curran, ambaye alishirikiana na James Teh, wote wawili wakiwa hawaoni, wakati ambapo programu za namna hiyo ziliuzwa kwa bei ambayo wengi wa waliozihitaji hawakuimudu. Hadi leo hupakuliwa bure. Huja na sauti ya eSpeak NG, ambayo ina Kiswahili ndani yake. Sauti yenyewe ni kavu, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi, lakini inaeleweka, na ukiizoea unaweza kuiongezea kasi hadi aliyeketi kando yako asishike hata neno moja. Kinachonifanya niipende zaidi ni wepesi wa kuruka: nikibonyeza herufi H napelekwa kwenye kichwa kinachofuata, K kwenye kiungo, F kwenye sehemu ya fomu, B kwenye kitufe. Ukurasa uliopangwa vizuri naumaliza kabla ya mjukuu wangu anayeutazama kwa macho.

TalkBack huongozwa kwa vidole. Unatelezesha kidole kwenda kulia ili ufikie kitu kinachofuata, na ukitaka kukifungua unagonga mara mbili. Kwenye simu yangu nimeipanga izinduke kwa kubana vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja, jambo linalonifaa sana kila mtoto anapoichezea simu akaizima bila kujua. Udhaifu wake ni kwamba kwenye ukurasa mrefu utatelezesha hadi kidole kichoke, isipokuwa uwe umejifunza kubadilisha mpangilio wa kusoma ili uruke kwa vichwa vya habari badala ya kupita kitu kimoja kimoja.

Vyombo hivi, hata hivyo, husoma kile tu ambacho mjenzi wa tovuti amekiandika nyuma ya ukurasa, na asipoandika kitu, havina cha kusema. Tovuti iliyonichosha kuliko zote ni ya taasisi moja ya umma, ambako nilitaka kuomba nakala ya hati iliyopotea. Nilipoifikia fomu, NVDA ilinieleza kwamba hapa pana sehemu ya kuandika, tupu. Kisha sehemu ya kuandika, tupu. Kisha nyingine, tupu vilevile. Na mwisho kisanduku ambacho hakijatiwa alama. Anayeona hukuta juu ya kila sehemu maneno kama jina la kwanza, jina la baba au namba ya kitambulisho. Mimi nilisikia utupu ukifuatana, na nikatakiwa nikubali kwa kutia alama jambo ambalo halikutajwa. Maneno yalikuwapo ukurasani, ila hayakuunganishwa na sehemu zake. Kuyaunganisha ni kazi ya mstari mmoja kwa kila sehemu, na ni katika mambo ya mwanzo kabisa anayofundishwa mtu anayejifunza kutengeneza kurasa za mtandao. Kwa hiyo sikubali nikiambiwa kwamba fedha hazikutosha.

Nilijaza kwa kukisia, nikatuma, na ukurasa ukarudi juu kimya. Mjukuu wangu ndiye aliyeniambia kwamba sehemu mbili zilikuwa zimezungushiwa rangi nyekundu. Kwangu rangi haina sauti. Ujumbe wa kosa unapaswa kuandikwa kwa maneno na kufungamanishwa na sehemu husika, jambo ambalo lingemfaa pia mtu anayeona lakini hatofautishi nyekundu na kijani, nao si haba.

Baada ya hapo likaja fumbo la kuthibitisha kwamba mimi si mashine. Ilikuwa picha yenye herufi zilizopindwapindwa, na kisoma skrini kiliponitajia neno "picha" kikawa kimemaliza. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti fikivu, yaani zinazoweza kutumiwa hata na wenye ulemavu, uitwao WCAG, unataka fumbo la aina hiyo liwe na njia mbadala inayotumia hisi nyingine, na hapakuwa na njia mbadala. Mahali pengine nimeikuta njia ya sauti, lakini tarakimu zilitamkwa kwa Kiingereza zikiwa zimechanganywa na makelele ya makusudi, huku kisoma skrini changu nacho kikizungumza juu yake. Hata fumbo likifumbuliwa, hutumwa namba ya uthibitisho kwa ujumbe wa simu, na kabla sijautoka ukurasa, nikaufungua ujumbe, nikaisikiliza namba tarakimu moja baada ya nyingine na kurudi nilikotoka, muda umekwisha na fomu yote imefutika. Mwongozo huohuo umelitazama jambo hili: mtumiaji aonywe kabla muda haujaisha na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa tendo jepesi, isipokuwa pale ambapo muda wenyewe ni sehemu ya lazima ya shughuli.

Nililazimika kwenda saiba. Kijana aliyenihudumia ni mwema na ana adabu, wala sina shaka naye. Aliniambia, "Mwalimu, nitajie tu namba ya siri nikuingizie mimi, tumalize." Nikamtajia, kwa sauti, mbele ya wateja wengine waliokuwa wakisubiri zamu. Kwa dakika chache mtu nisiye na udugu naye akawa na kitambulisho changu, namba yangu ya siri, na simu yangu mkononi ili asome namba ya uthibitisho. Wenzangu wengi wasioona huishi hivyo, wakiwa na siri zao zote katika daftari la kijana wa saiba, na wengine hawajui hata anwani ya barua pepe aliyowafungulia. Katiba ya Kenya inalinda faragha katika kifungu cha 31, na tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data; lakini fomu isiyosomeka humlazimisha mtu aitoe faragha yake mwenyewe kwa hiari isiyokuwa hiari. Hili ndilo lalamiko langu kubwa kuliko yote, na naliweka juu ya usumbufu na gharama.

Jambo jingine halionekani kwa anayeona, ndiyo maana huachwa. Kila ukurasa wa tovuti hubeba nyuma yake alama fupi inayokitambulisha kisoma skrini lugha iliyotumika. Zipo tovuti za umma zilizoandikwa kwa Kiswahili safi, ila alama hiyo imeachwa ikisema ni Kiingereza, kwa sababu ndivyo kiolezo kilivyokuja. Kisoma skrini hutii alama: huchukua sauti ya Kiingereza na kuisomea Kiswahili, na hapo "uthibitisho" huanza kwa "yu", "jina" likasikika kama "jaina", na sentensi ndefu ikageuka mlio mtupu. Mtumishi aliyekesha akiandika maelezo ya huduma kwa Kiswahili ili wananchi wayaelewe ameangushwa na herufi mbili. Ukurasa ukiandikwa kwa lugha mbili, kila kipande kinapaswa kupewa alama yake, nayo NVDA itabadilisha sauti yenyewe inapovuka kutoka kimoja kwenda kingine. Nimelisikia hilo likifanyika kwenye ukurasa uliotengenezwa vizuri, na nakiri lilinipa raha.

Nyaraka nazo zina taabu yake. Matangazo mengi huwekwa mtandaoni kama karatasi iliyopigwa muhuri ikapitishwa kwenye skana, yaani picha ya maandishi, na kisoma skrini hukutangazia kuwa waraka hauna kitu. Nilipoiandikia ile taasisi malalamiko yangu, jibu lililetwa kwa namna hiyohiyo. Nilisomewa: walinishukuru kwa maoni.

Si kote kubaya. Ipo tovuti moja ya umma ambayo niliimaliza peke yangu, usiku, bila kumwita mtu. Kila sehemu ilikuwa na jina, vichwa vilipangwa kwa ngazi, na nilipokosea tarakimu ya kitambulisho nilipelekwa moja kwa moja kwenye sehemu yenye kosa na kuelezwa kimepungua nini. Haikuwa na picha zinazopita wala madoido. Huduma za kubonyeza nyota na namba kwenye simu nazo zinastahili sifa kuliko zinavyopewa: ni maandishi matupu, TalkBack huyasoma bila kukwama, na hazihitaji bando. Kasoro yake ni kwamba orodha ikiwa ndefu huweza kukatika kisoma skrini kikiwa bado hakijaifikia namba unayoitaka, kwa hiyo mimi huhifadhi akilini mpangilio wa namba ninazozitumia mara kwa mara.

Huwa naambiwa kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri, na kwamba sisi wenye ulemavu ni wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu nchini wenye umri wa miaka mitano na zaidi, na huo si uchache. Ama kuhusu sheria, hatukopi za wengine. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari na ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 9 cha mkataba huo kinaitaja intaneti waziwazi, kisha kinataka ufikivu uzingatiwe tangu hatua za mwanzo za usanifu ili gharama iwe ndogo. Shirika la Viwango la Kenya lilitoa mwaka 2022 kiwango cha KS 2952 kuhusu ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Kinachokosekana, kwa nionavyo, ni kuliweka sharti hili ndani ya mkataba wa anayejenga tovuti, kazi isilipwe kabla mtu asiyeona hajaketi akaijaza fomu hadi mwisho. Programu za kukagua tovuti zenyewe zipo, lakini hugundua sehemu tu ya kasoro. Haziwezi kujua kama maelezo ya picha yana maana au ni maneno ya kujazia. Ofisa asiye na muda wa kumtafuta mtu wa aina yangu anaweza kuanza kwa kuchomoa panya wa kompyuta yake na kujaribu kuifikia kila sehemu ya fomu kwa kitufe cha Tab. Akikwama, na mimi nimekwama.

Kwa hiyo NVDA naipa nyota tano, na TalkBack nne. Ile tovuti ya usiku naipa nne, kwa sababu risiti yake bado hutolewa kama picha, na ile ya hati iliyopotea naipa moja, nayo ni ya maneno yaliyokuwapo ukurasani. Anayetaka kuanza, nashauri aanze na simu kabla ya kompyuta. Apakue kwanza sauti ya Kiswahili akiwa mahali penye mtandao mzuri. Afundishwe kuruka kwa vichwa kabla ya kufundishwa jambo jingine lolote. Na avae kisikizi cha sikio moja anapoingiza namba ya siri, kwa maana TalkBack inaweza kuzitamka tarakimu kwa sauti iwapo mipangilio inairuhusu, na vichochoro vya hapa ni vyembamba.