Spamhaus ZEN: kichujio kizuri, kikikaa seva ya mbele

Kwa ofisi iliyohamia Dodoma na kuiacha seva yake ya kupokelea barua Dar es Salaam, ZEN, orodha ya Spamhaus ya anwani za IP zinazotuma barua taka, inaweza kuonekana haina faida kabisa: imewekwa, na barua taka bado zinamiminika. Tatizo si orodha. Seva ya Dodoma inapounganishwa na ile ya Dar, anwani ya IP inayoiona ni ya Dar, nayo ni safi. Mtumaji halisi amebaki kwenye mistari ya Received, ile ya juu ya barua inayoonyesha seva ilizopitia.

ZEN huulizwa kwa DNS, mfumo wa kutafuta anwani za majina ya intaneti. Anwani 192.0.2.10 hupinduliwa ikawa 10.2.0.192.zen.spamhaus.org, jibu likija, imo. Jibu la 127.0.0.2 ni SBL, yaani watumaji spamu wanaojulikana, 127.0.0.4 ni XBL, kompyuta zilizoambukizwa, 127.0.0.10 na 11 ni PBL, anwani za wateja wa kawaida wa intaneti zisizopaswa kupeleka barua moja kwa moja.

Mahali pake ni Postfix (programu ya seva ya barua) ya Dar, baada ya reject_unauth_destination, agizo la kukataa barua zisizo za ofisi:

reject_rbl_client zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]

Hicho kipande cha mwisho msikiruke. Seva inayouliza kupitia 8.8.8.8, DNS ya umma ya Google, hujibiwa 127.255.255.254, maana yake swali limekataliwa. Postfix isiyowekewa mipaka hulichukulia kuwa mtumaji yumo orodhani, na barua zote halali zinarudishwa. Sakinisha Unbound, programu ya kuuliza DNS moja kwa moja, kwenye seva yenyewe, kisha jaribu host 2.0.0.127.zen.spamhaus.org. Lazima ijibu 127.0.0.2, kimya kikitawala, DNS ndiyo mbovu.

Kama seva ya Dar haiko mikononi mwenu, tumieni SpamAssassin, programu ya kupima barua taka, huko Dodoma. Andikeni IP ya Dar kwenye trusted_networks na internal_networks, mkague kwa spamassassin --lint. Hapo inaivuka Dar na kumpima aliyeikabidhi barua. Ila hapa wekeni alama au tengeni kando, msikatae: mkikataa, Dar italazimika kurudisha taarifa kwa anwani ya kughushi, na mtu asiye na hatia atazipokea kwa mamia. Wala PBL isipimwe kwa kila mstari wa Received, maana karibu kila mtu huanzia kwenye laini ya nyumbani.

Bei? Bure kwa matumizi madogo yasiyo ya kibiashara. Kwa kazi hiyo ni vigumu kupata bora zaidi, ingawa utapeli uliotumwa kutoka akaunti ya Gmail utapita tu. IP ni ya Google.

Mtumishi anayetuma akiwa Nkuhungu, Dodoma, kwa bando la simu huenda IP yake imo PBL. Atumie mlango 587 kwa jina na nywila, na permit_sasl_authenticated, inayoruhusu aliyejitambulisha hivyo, itangulie reject_rbl_client, la sivyo wa kwanza kukataliwa atakuwa bosi.