Antibodi ya interferoni gama (kloni 4S.B3, rangi ya PE): uzoefu wangu baada ya miezi minane

Naitumia kwenye kazi yangu ya masta kuonyesha interferoni gama, protini ya kinga, ndani ya seli za damu za wagonjwa wa TB, na niseme tu mapema antibodi yenyewe haina tatizo, tatizo liko njiani kabla haijakufikia. Kichupa cha kwanza kilitua Dar Ijumaa, wakala wa mizigo kwa roho safi kabisa akaona kwenye boksi pameandikwa baridi, akakitia friza mpaka Jumatatu 😭. PE, ile rangi inayong'aa iliyofungwa kwenye antibodi, haigandishwi jamani, ni fridji tu, nyuzi 2 mpaka 8. Mimi sijui hili wala lile, nikaamsha seli kwa PMA na ionomisini, kemikali za kuamshia seli ambazo hapo interferoni lazima itoke, mashine ya kusoma rangi za seli (flow cytometer) ikanionyesha kijivuli tu. Damu ya watu wanne imeenda hivyo.

Cha pili nilikifuata mwenyewe na kibaridi changu mkononi. Siku ya kwanza nikakiharibia tena, safari hii kwa mikono yangu, maana interferoni umeifungia ndani ya seli kwa brefeldini, dawa inayozuia isitoke nje, kwa hiyo unatoboa utando wa seli na saponini, ni kama sabuni, ndo antibodi iingie, sasa matundu ya saponini ukiiondoa tu yanajifunga, na mimi nikaweka antibodi kwenye PBS tupu (bafa ya chumvi isiyo na saponini) halafu nikaanza kutukana kampuni. Nilivyorudia na saponini kwenye kila bafa, hadi ya kuoshea, weee! Kundi la seli chanya, zenye interferoni, limejitenga huko pembeni, huhitaji kukodoa macho.

Ila msifuate kipimo cha karatasi kama msahafu. Yangu imeandikwa mikrolita 5 kwa sampuli, nikajaribu 5, 2.5, 1.25 na 0.6. Ile 1.25 ilitenganisha vizuri kuliko hata 5, ambayo ilikuwa inachafua seli hasi, kwa hiyo kichupa cha sampuli 100 kwangu kinafika 400. Kwa bei hizi za dola utanishukuru.

Halafu ukiona CD4, alama ya seli T saidizi, zimepotea usilaumu antibodi, ni PMA hiyo inazishusha juu ya seli, mimi nachukua seli zenye CD3 (alama ya seli T zote) zisizo na CD8 (alama ya seli T za kuua), maisha yanaendelea.

Nyota nne, moja nimekata kwa bei. Na wa ELISPOT, kipimo cha kuhesabu seli zinazotoa interferoni kwenye sahani, msinunue hii, nyie mnataka jozi, moja ya kunasa na moja ya kugundua, PE haitawasaidia kitu pale.