Gemu za utotoni: ununue mashine gani ukiwa Kigoma

Wanaotaka kurudia gemu za utotoni huanza na swali la bei. Bei ije baadaye. Kwanza jiulize ulikuwa unacheza nini, na ulikuwa unacheza na nani. Aliyekulia Ujiji miaka ya tisini akigombania zamu ya Contra na kaka yake hawezi kuridhika na mashine ileile inayomfaa kijana wa Gungu aliyekuwa anaishia kwenye kibanda cha pleisteshen kila akitoka shule. Wote wawili watasema wanataka "gemu za zamani", na muuzaji asiye na subira atawapa wote kiboksi kilichoandikwa gemu elfu kumi.

Halafu kuna swali ambalo miongozo ya mtandaoni hailigusi kwa sababu haikuandikwa na watu wa huku: ikiharibika, nani ataitengeneza? Sisi tuko mwisho wa reli. Kifaa kinachohitaji kipuri cha ajabu kitasubiri mzigo kutoka Dar, zaidi ya kilomita 1,200. Ndiyo maana orodha yangu inapendelea mashine ambayo fundi wa Mwanga, hapa mjini, ameshaifungua mara nyingi kuliko ile inayong'aa kwenye boksi.

Ya kwanza: PS2 nyembamba

Hapa sina kigugumizi. Sony walianza kuiuza PlayStation 2 (PS2) Japani Machi 2000, ile nyembamba ikaja 2004, na hawakuacha kuzitengeneza mpaka mwanzoni mwa 2013. Zimeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Wingi huo ndio unaokusaidia leo: pedi zipo, nyaya zipo, lenzi zipo, na mafundi wanaojua kuisafisha wapo.

Jambo jingine ni kwamba PS2 inabeba vizazi viwili. CD za PS1 inazisoma bila shida, kwa hiyo Tekken 3 na Crash Bandicoot utacheza humohumo, kisha ubadilishe uweke San Andreas au PES 6. Ila kuna kitu wauzaji hawakwambii: gemu ya PS1 haisevu kwenye memori kadi ya PS2 ile ya MB 8. Inataka kadi yake ya PS1. Ukisahau kuinunua utafika mbali kwenye Gran Turismo ya kwanza, uzime, kesho uanze na gari la mwanzo.

Kuijaribu dukani ndiko kunakotenganisha mali na mkosi, kwa hiyo usione aibu kukaa. Mwambie muuzaji aiwashe bila CD, uone menyu inakuja. Kisha aweke diski mbili tofauti. Gemu za PS2 zilizo bluu kwa chini ni CD, zilizo za rangi ya fedha ni DVD, na mashine hii inazisoma kwa miale tofauti. Nyingi za mtumba zinasoma aina moja na kuikataa nyingine. Muuzaji mjanja atakuwekea ile inayosomeka tu, na wewe utagundua nyumbani. Ikija skrini nyekundu inayokwambia uweke diski ya PlayStation wakati diski imo ndani, lenzi imechoka au imeshika vumbi. Mpe nafasi asafishe, ikikataa tena achana nayo, au mshushe bei kwa kiasi cha lenzi na kazi ya fundi.

Ikikubali, usinyanyuke bado. Cheza mechi nzima. Tazama kama video ya mwanzo inagugumia. Acha pedi mezani bila kuigusa, uangalie kama mchezaji wako anatembea mwenyewe. Akitembea, analogi, kile kijiti cha kumwongoza, imeliwa. Bonyeza L2 na R2, vile vitufe vya ukingoni mwa pedi, maana hizo ndizo watu husahau.

Sasa igeuze usome kibandiko. Namba ya modeli huanza na SCPH, na tarakimu ya mwisho inakwambia ilikotoka: 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya. Hili si jambo la kujifurahisha. PS2 nene, na zile nyembamba za mwisho za mfululizo wa 90000, zina pawasaplai ndani. Iliyotengenezewa Marekani imeandikwa 120V na ya Japani 100V. Umeme wetu ni 230V. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani utasikia harufu kabla hujaona picha. Kama kibandiko hakisomeki au kimebanduliwa, mimi naiacha. Nyembamba zilizotangulia hizo za 90000 zina adapta ya nje, hapo soma adapta.

Kuhusu kucheza bila CD: mashine nyingi sokoni zina memori kadi iliyotiwa programu inayoitwa FMCB, na gemu zinakaa kwenye flashi. Ni nafuu kwa lenzi, ila bandari ya USB ya PS2 ni ya kizamani, kwa hiyo video za katikati ya gemu hukwama-kwama hata kama mchezo wenyewe unakwenda. Baadhi ya hizo za 90000 hazikubali programu hiyo kabisa, kwa hiyo usikubali kuambiwa "utaitia mwenyewe". Ukitaka gemu zitembee vizuri bila CD, tafuta ile nene yenye nafasi ya hard disk kwa nyuma. Ni nzito, inapiga kelele, na wengi hawaitaki, ndiyo maana bei yake huwa inazungumzika.

Ya pili: gemu ya kanda

Kwa waliozaliwa miaka ya themanini hii ndiyo ya kwanza, na sitabishana nao. Tuliyokuwa nayo wengi haikuwa Nintendo halisi. Nintendo walitoa Famicom Julai 1983 kule Japani, kisha viwanda vya Asia vikainakili kwa majina mia na rangi zote, na nakala hizo ndizo zilizotufikia pamoja na kanda zake za njano. Mpya za kuigiza bado zinauzwa, na ni rahisi kuliko PS2 kwa mbali.

Ubora wake ni wa kushangaza kwa kitu cha bei hiyo. Hakuna lenzi. Hakuna cha kusubiri. Unachomeka kanda, unabonyeza, Mario amesimama. Watoto wa leo wanaoshika eFootball, ile iliyokuwa PES, kwenye simu hupotea kwenye Battle City, ile ya vifaru, kwa sababu ndani yake mnalinda ngome moja wawili na bado mnaweza kupigana risasi wenyewe kwa wenyewe. Ugomvi wa kindugu umo ndani ya gemu.

Kanda isiposoma, acha kupuliza. Najua kila mtu alipuliza, na najua ilikuwa inasoma. Kilichosaidia ni kuitoa na kuirudisha, meno yakakaa sawa. Pumzi inaacha unyevu, unyevu unaleta kutu, na sisi tunaoishi kando ya ziwa hatuna haja ya kuongeza unyevu mahali popote. Chukua pamba ya masikio, ichovye kwenye spiriti ya duka la dawa, pitisha kwenye meno ya kanda mpaka pamba ikitoka iwe safi, acha ikauke. Pamba ya kwanza itatoka nyeusi.

Usinunue kwa kuhesabu gemu. Kanda iliyoandikwa 9999 katika moja ina gemu chache zilizorudiwarudiwa, safari hii Mario anaanzia hatua ya tatu, safari ile anaruka juu zaidi. Pitia menyu uone kama zile unazozitaka zimo: Contra, Excitebike, Bomberman, Circus Charlie. Ukipata Contra ya toleo la Marekani la 1988, jaribu juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A kwenye skrini ya mwanzo kabla ya kubonyeza start. Unapewa roho 30. Tuliocheza bila kuijua tulikuwa tunafia kwenye maporomoko.

Sehemu kubwa ya gemu hizi hazisevu. Umeme ukikatika umerudi mwanzo. Ndivyo ilivyokuwa na ndivyo ilivyo.

TV kwanza, jamani

Nakatiza orodha kidogo, kwa sababu pesa nyingi hupotea hapa. Mashine zote mbili za juu hutoa picha kwa nyaya za AV, zile za njano, nyeupe na nyekundu. TV nyingi bapa za sasa hazina matundu hayo matatu. Zina tundu moja dogo linalotaka waya wake maalumu, au hazina kabisa. Angalia nyuma ya TV yako kabla hujaenda dukani. Ikiwa ina HDMI tu, utahitaji kiboksi cha kubadilisha AV kwenda HDMI, kidogo kama kiberiti, kinachokula umeme wa USB. Kinafanya kazi, lakini picha inachelewa kidogo kufuata kidole. Kwenye San Andreas hutaliona. Kwenye Mario utaanguka shimoni ukiapa kwamba ulibonyeza.

Na bastola ya Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata, usiinunue kama una TV bapa. Bastola haipigi kitu. Ina jicho ndani: ukivuta, skrini inakuwa nyeusi, kisha bata anageuka kibox cheupe kwa muda mfupi mno, na jicho linaangalia kama limeona mwanga. Hesabu hiyo ilitegemea jinsi TV ya chogo inavyochora picha papo hapo. TV bapa inachelewa, na bata hafi ng'o hata ukimgusa na mtutu.

Kama kuna TV ya chogo imelala stoo kwa mjomba kule Mwandiga, inayowaka, iombe. Kwa gemu hizi hakuna skrini bora kuliko hiyo, na watu wanazitoa karibu bure.

Ya tatu: simu uliyonayo

Kabla hujatoa hela yoyote, pakua PPSSPP, ambayo ni ya bure na inacheza gemu za PSP, ile pleisteshen ya mkononi. Zipo programu za namna hiyo kwa PS1 na za kanda pia, na simu ya kawaida tu inazimudu. PS2 ndiyo inayotaka simu yenye nguvu. Programu yenyewe ni halali, gemu zina wenyewe, hilo ulijue.

Kucheza kwa vidole juu ya kioo ni adhabu, kwa hiyo nunua pedi ya bluetooth. Hapo una mashine unayosevu popote, umeme ukatike au usikatike. Mbona basi ni ya tatu? Kwa sababu simu ni ya mtu mmoja, na katikati ya pambano mama mkwe anapiga. Kama ulikuwa unacheza peke yako hata utotoni, ipandishe juu.

Zilizobaki

SUP, kile kidude cha mkononi chenye gemu 400, nakikubali kama zawadi ya mtoto au ya safari ya treni. Gemu zake ni zilezile za kanda. Kilichonifurahisha ni betri: inatumia BL-5C, betri ileile ya simu za Nokia za tochi, kwa hiyo ikifa unaipata kwenye meza yoyote ya vifaa vya simu. Pia kina waya wa kwenda kwenye TV na pedi ya mtu wa pili.

Game stick, ile inayochomekwa kwenye HDMI na kuja na pedi mbili zisizo na waya, inakuja nyuma. Inavutia kwa sababu haina habari za AV. Udhaifu wake ni kadi ya memori ya bei ya chini ambayo ndiyo imebeba kila kitu. Ikifa, kifaa kimekufa. Ukinunua, siku hiyohiyo mwombe mtu mwenye kompyuta akunakilie kadi nzima. Pedi zake zinakula betri ndogo za AAA, ziongeze kwenye hesabu.

PS1 yenyewe ninunue kwa nini wakati PS2 inafanya kazi yake? Labda kwa mapenzi ya ile sauti ya kuwaka. Zile za mwanzo lenzi zake zilikuwa zinachoka mpaka watu wanaicheza ikiwa imepinduliwa miguu juu. PSP halisi ni kifaa kizuri, lakini betri za sasa nyingi zimevimba au ni za kuigiza, na simu imeshaichukulia kazi. Jihadhari pia na vidude vinavyofanana na PSP kwa umbo tu: ndani hakuna PSP.

Wapi, na kwa namna gani

Kama mashine ipo Mwanga, ilipie Mwanga hata kama Kariakoo wanakutajia bei ya chini. Tofauti utailipa kwenye mzigo, na ya hapa utaijaribu kwa mikono yako na kurudi nayo kesho. Omba angalau wiki ya kurudishiana, iandikwe kwenye risiti pamoja na ile namba ya SCPH. Ongeza stabilaiza ndogo. Tangu mkoa uingie Gridi ya Taifa hali ni nafuu kuliko enzi za jenereta, lakini umeme unaporudi baada ya kukatika bado unarudi kwa hasira, na pawasaplai ya miaka ishirini haina ubavu huo. Ukikatika, chomoa, usizime tu.

Ukilazimika kuagiza Dar, mtake muuzaji akutumie video ya mashine hiyohiyo ikiwa inacheza, na bila kukata video aigeuze uone kibandiko. CD zifungwe kando, zisilaliane na mashine kwenye boksi. Na ukiitwa na basi kuchukua mzigo, fungua boksi hapohapo mbele ya karani kabla hujasaini.