Bangili za kitenge au shanga za karatasi?

Kwa mtu wa Kigoma asiye na mkono wa ufundi, mimi ningemshauri aanze na bangili za kitenge. Mafundi cherehani wa Mwanga na Ujiji hubakiwa na vipande vingi; ukiomba kwa adabu, mara nyingi unapewa bure. Kata pete yenye upana wa vidole viwili kwenye chupa ya plastiki, paka gundi, kisha zungushia utepe wa kitenge kwa mshazari, kila mzunguko ukipanda kidogo juu ya uliotangulia. Ukikosea, unafungua na kuanza upya. Tena maua ya kitenge yenyewe huficha mikunjo.

Shanga hazidai hata chupa; zinatosha kalenda ya mwaka jana, mkasi, kijiti cha meno na gundi. Unakata pembetatu ndefu, nyembamba, unaviringisha kwenye kijiti kuanzia upande mpana hadi nchani. Ila zinataka subira, maana ukikata kombo shanga hupinda, na mkufu mmoja hula shanga nyingi. Halafu karatasi isiyopakwa vanishi hulegea ikipata maji, na vanishi ndiyo gharama yenyewe. Watoto, hata hivyo, huzipenda mno. Kama unao nyumbani, anzeni na shanga.